Mkono Wangu Walioufunga kwa Kitenge

"Nani alifunga mkono huu?"

Mtu wa mazoezi ya viungo, pale hospitali ya misheni Kilimatinde, aliuliza hivyo ameshika ngumi yangu ya kulia. Alijaribu kufungua vidole, vikagoma. Kucha zilikuwa zimezama kiganjani, kunanuka. Nikapiga kelele. Akaacha, akamgeukia mama mkwe: "Mama, huyu mngemleta mapema. Vidole vimeshakakamaa, havirudi." Mama mkwe akajifunga upya khanga yake. Shemeji akatazama dirishani.

Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Mkiwa, njia panda. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipokuja na mitumba ikamwagika, mafundi wenzangu walilia kazi imekufa. Mimi nikawa napunguza suruali za Wazungu wanene zikae kwenye viuno vyetu. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkasi niliujua. Asubuhi moja mkasi ukanidondoka, nikauokota, ukadondoka tena, halafu nikaanguka mwenyewe. Nikawa nimepooza upande mzima wa kulia.

Hospitali ya Singida mjini, nesi alituonyesha sote: nyoosha vidole kimoja kimoja, inua mkono, asubuhi na jioni, hata akilia. Mama mkwe aliitikia vizuri tu. Kufika nyumbani, waliponinyoosha vidole nililia mara moja, basi.

"Acheni!" mama mkwe akafoka. "Katoto kale ka unesi kamezaa lini, kaje kunifundisha kuuguza? Mkono umelala, uacheni ulale."

Tangu mume wangu afariki, shemeji ndiye msemaji wa nyumba. Akaleta mzee anayeunga mifupa. Mzee akaupaka mkono mafuta ya kondoo, akavikunja vidole, akauegemeza kifuani, wakaufunga kwa kitenge changu mwenyewe, kama vile nimeanguka mtini. Mfupa gani ulivunjika? Ulimi ulikuwa mzito, nikawa natikisa kichwa tu. Nikajaribu kufungua kwa meno. Shemeji akacheka: "Fundi, unawahi kazini? Tulia, tunakutunza." Akalihamishia fundo nyuma ya shingo, nisilifikie. Wageni waliokuja kunipa pole wakasifu, mgonjwa wenu anatunzwa kweli.

Nilitunzwa hivyo tangu mavuno mpaka mvua zikaanza, ndipo wakanipeleka Kilimatinde. Mguu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufunga, niliuburuza mwenyewe kwenda chooni na kurudi, na leo unatembea. Unachechemea, lakini unatembea. Hata cherehani unakanyaga. Sindano inapanda na kushuka, na hakuna mkono wa kusukuma kitambaa.

Shemeji anawaambia watu ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakukaza fundo lile, nililiona likikazwa. Yule mtu wa mazoezi aliuliza swali moja, na wenye jibu walikuwa wamekaa hapo hapo kwenye benchi. Shemeji, mama mkwe, mko hai, mnakula, mnasikia. Waiteni wale wale waliowasifu, mjibu mbele yao: nani alifunga mkono huu?