Mdomo wa Chiriku

Mdomo wake ndio uliomponza. Kazini walimwita Chiriku, na jina hilo hakulipata bure: akianza kuongea, hata mlinzi husahau geti. Lakini Chiriku hakuajiriwa aongee. Taasisi ya anga ilimwajiri kuunga nyaya za satelaiti ndogo, kazi ya kuinamia kioo cha kukuza kutwa nzima, na aliipenda kufa.

Siku moja msemaji wa taasisi, aliyekuwa akizunguka kumbini kuomba michango ya satelaiti, aliugua. "Kashike kipaza sauti leo tu," mkurugenzi akamwambia. Siku ile watu walichanga hata masanduku yakajaa pomoni. Hiyo "leo tu" sasa ina miaka minne. Meza yake karakanani ina mtu mwingine, na kila akiomba kurudi jibu ni lile lile: serikali inatoa nusu ya fedha, nusu nyingine inatoka mdomoni mwako.

Safari hii satelaiti ilikaribia kukamilika, na nafasi moja ya fundi ilikuwa wazi. Aliomba tena. Mkurugenzi akacheka. "Mchango wa leo ukishuka nitajua wamekuchoka. Hapo nitakurudisha."

Basi Chiriku akapania kuboronga. Mbele ya ukumbi uliojaa wafanyabiashara wa sokoni alisoma karatasi neno kwa neno, uso mkavu, tarakimu juu ya tarakimu. Watu wakapiga miayo. Mmoja wa mstari wa nyuma akakoroma waziwazi. Chiriku hakuwahi kufurahia mkoromo wa mtu kiasi kile.

Kisha fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hicho kidude kikifumuka huko juu, nani anapanda kukishona?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna? Sasa mnawezaje kuachia kitu ambacho hamtakigusa tena?"

Angejibu kwa tarakimu, yangekwisha. Lakini swali lilimwingia. Ndilo lililokuwa likimnyima usingizi enzi zake za karakana, na kwa miaka minne hakuna aliyemuuliza. Karatasi akaiweka chini. Akaeleza jinsi unavyounga waya mwembamba kama unywele, ukaukagua, ukautilia shaka, ukaukata na kuuunga upya. Jinsi unavyokitia kidude kwenye joto na baridi, ukakitikisa mpaka roho yako inatikisika nacho, kwa sababu kikishaondoka huna la kufanya. Alijisikia akiongea vizuri na akashindwa kunyamaza. Mkoromaji aliamka. Mikoba ikaanza kufunguliwa.

Mlangoni mkurugenzi alikuwa akitabasamu, ratiba ya kumbi za miezi sita ijayo mkononi.

Mama fundi alifika wa kwanza kwenye sanduku. "Kwa hiyo mikono itakayomalizia kukiunga ni hii yako?"

Chiriku alimtazama mkurugenzi, kisha akamtazama mama.

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi natoa kwa ajili ya mikono hiyo," alisema mama kwa sauti iliyomfikia mkurugenzi pale mlangoni, akatumbukiza noti zake.