Tamasha Letu la Nje ya Uzio

Kwenye grupu letu la wapenzi wa muziki watu wanasimuliana matamasha yao ya kwanza na kupangana kwa lile la Jumamosi. Mimi sijaandika kitu.

La kwangu nililisikia nikiwa nje ya uzio wa mabati, Karatu mjini, nimeshikwa mkono na dada yangu Paskalina. Tulikuwa tumetoka Rhotia kwa miguu. Jenereta lilinuka dizeli, na spika zilitetemesha mabati hadi nikayasikia tumboni. Mwanaume mmoja akasema, "Haloo, haloo, moja, mbili." Gitaa likalia kidogo, likanyamaza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

"Limeisha?" nikauliza.

"Limeisha, mdogo wangu. Twende, ng'ombe hawajakamuliwa."

Shuleni nilijisifu wiki nzima. Nilikuja kujua ukubwani kwamba walikuwa wanajaribu mitambo tu, na kwamba Paskalina alijua.

Juzi nilipita pale wakijiandaa kwa Jumamosi. "Haloo, haloo." Nikasimama nje ya uzio, nikasikiliza mpaka giza likaingia. Paskalina tulimzika mwaka jana, na hapakuwa na mtu wa kuniambia limeisha, twende.