Kahawa na Mgongo Wake, Butembo hadi Beni

Niliondoka Butembo kwa sababu mbwa wetu, Kahawa, hakuweza tena kusimama. Askari waliingia uani kutafuta mbuzi, akawabwekea, na mmoja akampiga mgongoni kwa kitako cha bunduki. Tangu hapo alijikokota kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikiburuzika kama nguo iliyolowa.

Sikusomea udaktari, najisomea tu chochote kinachoniangukia mikononi. Katika jarida kuukuu la Kifaransa nilikuta kwamba ng'ambo wako watu wanaojaribu kuchota uboho wa mbwa, kuchambua humo chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, na kuzitia pale uti wa mgongo ulipoumia. Makala ile ilininyima usingizi. Beni kulikuwa na veterineri, daktari wa mifugo. Niliogopa barabara, lakini niliogopa zaidi Kahawa afe nami nimeisoma dawa yake bila kuitafuta.

Alfajiri, Papa Ramazani, mchukuzi Mwislamu wa Beni, alinipa nafasi nyuma ya pikapu yake, kati ya magunia ya maharagwe. Kahawa alilala ndani ya kitunga. Njiani nilimfinya kidole cha nyuma, akauvuta mguu. Anasikia! Nikafinya tena ili nihakikishe, kisha tena.

Tulipofika Kalunguta tulisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Askari mmoja akafunua kitunga.

"Imbwa! Juu ya nini hamuikule?"

"Iko mugonjwa, chef," Papa Ramazani akajibu kutoka usukani. "Unataka kukula ugonjwa?"

Wakacheka, tukapita. Mimi sikucheka. Nilikifunika kitunga, nikakikumbatia hadi Beni.

Huko Beni, katika mtaa wa Mulekera, veterineri alikuwa mama mwembamba mwenye koti lililofifia. Alimbana Kahawa kidole kwa koleo. Mguu ukajivuta, nikapiga kelele ya furaha.

"Tulia, mudogo. Angalia kichwa, hapana muguu. Muguu inajivuta yenyewe. Kichwa njo inasema kama anasikia."

Alibana zaidi. Kahawa hakugeuka, alikuwa akimtazama kuku aliyepita mlangoni. Akahamia mguu wa pili, akabana, na Kahawa akageuka taratibu, akanguruma.

"Voilà. Kidogo imebakia. Pengine atatembea, pengine hapana."

Nilimsimulia zile chembe, nikamsihi ajaribu.

"Uboho naweza kuutoa. Lakini nitachambulia wapi? Hata umeme hakuna. Nikitia uchafu mu mugongo, tutamuua siye." Akamgusa tumbo. "Kwanza hii. Hawezi kukojoa mwenyewe. Kibofu kikijaa, kitamuua kabla ya mugongo."

Akanionyesha: viganja viwili ubavuni karibu na nyonga, kubana polepole, bila kuachia. Kwake mkojo ulitoka. Kwangu halikutoka hata tone, niliogopa kukipasua kibofu.

Kesho yake, tukirudi, askari wa Kalunguta walituzuia hadi jua likawa utosini. Tumbo la Kahawa likawa gumu, akalia kama mtoto. Nilimteremsha kando ya barabara. Nikimwinua, sina mkono wa kubana, nikibana, anaanguka.

Papa Ramazani alishuka. Safari nzima hakuwa amemgusa Kahawa.

"Papa, mate yake ni najisi kwako."

"Maji iko, udongo iko, nitanawa. Bana, Kambale!"

Akamshika kiunoni, akamsimamisha. Kahawa akamlamba mkono, yeye hakuuondoa. Nilibana. Hakuna kitu.

"Batu banakufa kila siku," askari akapaza sauti, "na weye unakojolesha imbwa!"

Bunduki yake ilikuwa karibu na sikio langu. Nikafumba macho, nikabana bila kuachia, na mkojo ukatoka, mwingi, ukatiririka hadi kwenye buti lake.

Nilijua tumekufa. Askari alitazama buti, akanitazama. "Endeni! Endeni na uchafu yenu!"

Kwenye kijito cha kwanza Papa Ramazani alisimamisha gari, akasugua mkono kwa udongo, akaumwagia maji tena na tena, akiniambia nisiangalie saa.

Nimerudi Butembo. Kahawa bado hajasimama. Nilikwenda nikiamini kwamba kitu nikikisoma vizuri kitatii, na nikaona kwamba hakitii. Hofu ninayo hata sasa; kila asubuhi inanitangulia uani. Naweka viganja vyangu ubavuni, karibu na nyonga zake, nabana polepole, nasubiri. Mpaka leo mkojo umetoka.