Mara ya Tatu

Kozi yangu ilikuwa na masomo ya namna mbili. Yale yaliyorekodiwa niliyasoma kwa wakati wangu, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, sentensi moja hata mara tano. Kisha kulikuwa na darasa la moja kwa moja kila Jumanne saa tisa alasiri. Katikati ya darasa hilo mwalimu alikuwa akiita majina ghafla, ili awanase wanaoingia mtandaoni na kwenda zao. Asiyeitika aliandikwa hakuwapo. Ukikosa mara tatu, nafasi yako ya ufadhili inakwenda kwa mwingine.

Mimi nilikuwa nimekosa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwapo.

Nimelelewa kijijini Junju na nyanya, mama mzaa mama. Kwake, ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, huitiki. Unangoja. Asiye mtu huita mara moja, akijitahidi sana mara mbili. Wa mara ya tatu ni mtu. Nina shahada, najua sauti ya kompyuta ni sauti ya mwalimu. Lakini jina langu lilipotoka kwenye kile kioo, ulimi uliganda, na nilipoufungua mwalimu alikuwa keshafika kwa mwingine.

Jumanne ya tatu tumbo likanisokota kwa hofu. Nikavumilia robo saa, kisha nikakimbilia choo cha nje, nikiiacha kompyuta barazani, kamera imezimwa, kipaza sauti kimezimwa. Nilihakikisha. Nilikaa humo muda mrefu; niliporudi, darasa lilikuwa limekwisha, na nyanya alikuwa anafagia ua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Usiku ule sikulala. Nilitunga barua ya kujieleza, nikaifuta, nikaitunga upya.

Kesho yake, jua likiwa la utosi, rekodi ya darasa ikawekwa. Niliisikiliza barazani. Ua ulikuwa kimya, hata kuku walikuwa wamejikunyata chini ya ghala. Nikafika mahali pa majina. Kisanduku changu kilikuwa cheusi, jina langu tu kwa herufi nyeupe.

Mwalimu akaniita. Kimya.

Akaniita tena. Kimya. Kisha katika kile cheusi kipaza sauti kikafunguka, mfagio ukasikika ukiburuzwa, ukakoma.

"Labeka."

Ilikuwa sauti yangu, ila nzito zaidi, kama inatoka ndani ya mtungi.

"Haya, leo kaitika kwa adabu za bibi zetu," mwalimu akasema, na wenzangu wakacheka. Akaniandika nipo.

Nikamfuata nyanya jikoni, alikokuwa anakuna nazi.

"Nyanya, jana uliitika jina langu?"

"Niliitika. Ulitaka wakufukuze? Wiki nzima unalia eti mara tatu, mara tatu, hadi mboga zinaungua."

"Na kipaza sauti?"

"Nilibonya pale unapobonya ukitaka kusema. Mimi si kipofu, mwanangu."

Nilicheka, nikataka kumkumbatia. Nafasi yangu ilikuwa imesalimika. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye furaha.

"Lakini wewe ndiye uliyenikataza kuitika."

"Nilingoja." Hakuinua macho kutoka kwenye mbuzi ya kukunia. "Ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikaja hadi barazani. Alipoita ya tatu nikajua ni mtu, nikaitika."

Nikarudi barazani. Nikairudisha rekodi, kama nifanyavyo na masomo yote. Mwalimu aliita mara mbili. Kati ya ya pili na "labeka" kuna sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo anaonekana wazi akinywa maji, mdomo umo kwenye glasi. Niliisikiliza polepole, kisha kwa sauti ya juu, kisha kwa visikizi. Labda mtandao ulikata. Labda nyanya alihesabu vibaya. Sikumuuliza.

Jumanne iliyofuata nilikaa kitini tangu saa nane na nusu, miguu imebana meza, kipaza sauti wazi. Nyanya alikuwa uani nyuma yangu, anafagia.

Jina langu likaitwa, mara moja tu.

"Nipo," nikasema pale pale.

Mwalimu akaandika, akaendelea na mwingine. Nyuma yangu, mfagio ulikuwa umekoma.