Mshahara wa Tabibu wa Watemi Watatu

Nilipotoka chuoni Tabora niliajiriwa kuwa karani wa baraza la pamoja la watemi watatu, kusini mwa mji, kando ya njia ya zamani ya misafara. Nilikuwa kijana, na niliamini kwamba haki ikishaandikwa vizuri itatendeka yenyewe.

Watemi hao walikuwa na tabibu mmoja. Hazina ya nchi moja isingeweza kumwajiri peke yake, kwa hiyo walimchangia, naye akawa anakaa siku kumi katika kila nchi, akisafiri kwa baiskeli yenye sanduku la dawa nyuma. Mwaka ule mkataba wake ulikuwa unakwisha. Mgodi mmoja upande wa Nzega ulikuwa umemwahidi mshahara mkubwa zaidi, naye, siku baraza lilipokutana kujadili mshahara wake, alilieleza waziwazi: wasipokubaliana siku ile, mwisho wa mwezi angeondoka, kwa kuwa alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mkulima anayeeleza kwamba mvua imechelewa.

Asubuhi nzima ilipotea. Mtemi wa nchi kubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alitaka wote watoe sawa. Mtemi wa upande wa misitu, ambaye watu wake ni wachache na wengi wao ni warina asali, alitaka kila nchi itoe kwa kadiri ya walipa kodi wake. Yule wa tatu aliwaunga mkono wote wawili kwa zamu.

Ndipo akasimama mwanangwa mmoja mzee, mkuu wa kijiji.

"Watemi, mnahangaika bure. Tangu lini mganga akalipwa kabla mgonjwa hajapona? Mganga wetu hutibu. Mtu akisimama, anapewa mbuzi wake. Asiposimama, mganga anafunga mkoba wake anakwenda. Na huyu naye alipwe kwa waliopona!"

Makofi yakajaa barazani. Napaswa kukiri kwamba nami nilipendezwa. Niliona desturi ya wazee wetu na haki zimekutana mahali pamoja, nikaliandika pendekezo lile kwa mwandiko wangu ulio bora, nikalipigia mstari.

Mwenyekiti akamwita tabibu kutoka benchi la nyuma. Akaja kofia ikiwa kwapani, akapiga makofi ya taratibu kuwaamkia watemi kama ilivyo desturi.

"Watemi wangu, nikilipwa hivyo nitatajirika kuliko mgodini," alisema. "Nitatibu wenye vidonda vya miguu na macho mekundu. Hao hupona. Yule mama mwenye malale, ambaye haamki hata akiitwa na mwanawe, nitampita mlangoni nikipiga kengele ya baiskeli."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo, Bwana Tabibu," mwanangwa akamdhihaki, "unataka tukulipe hata kwa maiti?"

"Ndiyo, baba. Hasa kwa hao. Hao ndio niliokaa nao sana."

Sote tulijua kwamba mke wa mwanangwa alifariki mwaka uliotangulia, na kwamba tabibu alikaa nyumbani kwake siku tano baada ya zamu kwisha, hata nchi iliyokuwa ikingoja zamu yake ikalalamika. Mzee akaja mezani kwangu. Kisha akaniambia, bila ukali, "Karani, futa niliyosema."

Nikafuta, pamoja na mstari wangu.

Tabibu akaomba ruhusa. Wagonjwa walikuwa wakimngoja tangu alfajiri, na shauri la mshahara, alisema, lingeweza kuendelea bila yeye. Tukasikia baiskeli ikishuka ngazi.

"Amekwenda?" mwenyekiti akauliza. "Tunajadili riziki yake, naye amekwenda?"

"Amekwenda kwa watu wako, Mtemi," akajibu yule wa misitu. "Leo ni zamu yako."

Mwenyekiti akawageukia wenzake wawili. Kisha akasema, "Basi nusu ni yangu. Nyinyi wawili gawaneni iliyobaki. Na wewe usiniletee asali, lete fedha!"

Ikapita hivyo: mshahara kamili, mgonjwa apone asipone.

Niliazima baiskeli nikamfuata. Nilimkuta barazani kwa mkulima mmoja, amepiga magoti, akiosha kidonda kilichooza. Nilimpa habari kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nawashukuru sana," alisema. "Nishikie bakuli." Nikalishika. Usaha ukatoka, naye akauliza, "Na dawa? Wameamua nini juu ya dawa?"

Mimi ndiye niliyeandaa orodha ya mambo ya kujadiliwa. Nilikuwa nimeandika mshahara, na hapo nikaishia.

"Hatukulizungumza hilo."

"Basi rudi upesi, mdogo wangu. Bado hawajatawanyika."

Nikamkabidhi mgonjwa bakuli lake, nikapanda baiskeli.