Povu la Kunde

Yule mtafiti ninayemsafishia maabara ana mikono ya mkunga. Hutoa protini kwenye unga wa kunde, akaichanganya na maji, akatia asidi tone moja moja, akaipiga mpaka itoe povu. Kisha hukaa na saa kupima povu litasimama muda gani, maana analitaka liumue keki badala ya yai. Mimi niliyepika kunde miaka hamsini nikiengua povu na kulimwaga, nilimwona mvivu wa kuosha vyombo. Jumanne alipotoka kidogo, nikamsaidia: nikasugua chupa zake zote sita za povu zikang'aa. Aliporudi akafuta miwani kwa koti.

"Bibi, povu lilikuwa bado limesimama?"

"Lilikuwa limesimama wima, mwanangu. Nimelisugua kwa nguvu."

"Ndiyo mara ya kwanza lisimame zaidi ya saa moja."

Hakunigombeza. Akapima unga upya, akanivutia kiti, akanikabidhi saa. Kusoma nabahatisha, ila mishale naijua. Mfagizi mwenzangu alipoingia na ndoo yake, nikamfukuza. Watu wengine hawaheshimu kazi za watu.