Nilimwambia Mkwe Mambo ya Choo

Mume wangu ana saratani ya tezi dume. Naandika hivyo hivyo, maana hapa Guta watu wanasema tu "ule ugonjwa wa wazee" halafu wanaangalia pembeni. Shule niliishia darasa la nne, lakini maneno hayo nimejifunza kuyaandika na siyafuti.

Hospitali kubwa ilimwanzishia dripu ya kuamsha kinga ya mwili. Daktari, binti mdogo tu, alitueleza: dawa hii inawaamsha askari wa mwili waupige ugonjwa, ila wakati mwingine wanageuka kumpiga mwenye nyumba. Akiwashwa, akikosa pumzi, akiharisha, pigeni simu siku hiyo hiyo.

Baada ya dripu ya pili akaanza kuwashwa. Alikuwaga anajikuna mgongo kwenye nguzo ya zizi kama ng'ombe. Tukapiga simu, akapewa dawa ya kupaka, ikatulia. Kuwashwa hakuna aibu. Tumbo ndilo lina aibu.

Baada ya dripu ya tatu nikamwona kila saa anabeba jembe, anapotelea nyuma ya mtama. Choo chetu kiko huko huko. Nikasema moyoni, mzee amepata nguvu. Siku ya tatu nikalishika lile jembe. Halina udongo hata chembe. Nikaenda chooni mwenyewe, nikakuta damu.

"Mzee, umeanza lini kuharisha?"

"Nani kakwambia naharisha?"

"Jembe."

Akakaa kwenye kigoda, midomo imempasuka kwa kukauka. "Wakijua wataniachisha dawa. Na bila dawa nitakufa."

"Na hilo tumbo litakubakiza?"

Siku hiyo mkwe wetu, mume wa binti yangu, alikuwa amekuja na gari kutoka Kiabakari kumwona. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Alikuwa nje kibarazani, amegeukia barabara, na maneno yetu yote alikuwa anayabeba binti yangu.

Mume wangu alinishika kanga. "We mama, usithubutu. Utanivua nguo mbele ya mtoto wa watu."

"Nguo zako nimezifua miaka arobaini. Leo nakuvua."

Nikatoka nikasimama mbele ya mkwe. Aliruka kwenye kiti, akageukia ukuta.

"Mkwe, nisikilize."

"Mama, tafadhali, mwambie mke wangu, ataniambia."

"Mkeo yuko kisimani. Baba yako anaharisha damu siku ya tatu. Washa gari."

"Ndiyo, mama," akauambia ukuta. Funguo zikamponyoka mara mbili.

Nikapiga simu. Daktari akasema mleteni sasa hivi. Mzee tukamlaza kiti cha nyuma, kwa hiyo mimi nikakaa mbele, bega kwa bega na mkwe, jambo ambalo sijawahi kulisikia katika ukoo wowote. Bunda mjini tukaiacha nyuma. Hapo ndipo mkwe akakohoa.

"Mama, funga mkanda."

Walimlaza, wakampa dawa kali za kuwatuliza wale askari. Daktari alisema utumbo umevimba, na tungengoja zaidi ungeweza kutoboka. Dripu wakaisimamisha kweli. Hapo mzee alikuwa sahihi, na wiki nzima hakunisemesha. Ugonjwa bado upo, wanaupima kwa damu, wanatafuta njia nyingine. Sidanganyi kwamba umekwisha. Lakini anakula, na usiku analala bila kuamka kwenda chooni.

Tuliporudi, wifi zangu wawili wakaja kutoka Butiama, hata viti wakakataa.

"Wifi, umetutia aibu. Unatakiwa upike pombe, uwaombe wazee msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Umetaja choo mbele ya mkwe!"

"Nimekitaja. Na nikiona damu tena nitakitaja sokoni. Kaka yenu yuko ndani, kamuulizeni kama angependa ninyamaze."

Hawakufika mlangoni. Mzee alikohoa humo ndani, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu dripu ya kwanza:

"Mwenye hamu ya pombe aipike kwake."

Wifi zangu wakatazamana, wakavuta viti, wakakaa. Nikawapa uji.